Kilichofungwa ni Bei, Siyo Bili

(Nasaha iliyotolewa na halmashauri ya msikiti kwa waumini wazungumzao Kiswahili waishio Uingereza, baada ya sala ya Isha)





Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena katika nyumba Yake, tumeona ni vyema usiku huu tuzungumze jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona si la kuzungumzwa msikitini. Jambo lenyewe ni bili za gesi na umeme. Tunalizungumza hapa kwa sababu limeingia katika nyumba zetu, limeingia katika afya za wazee na watoto wetu, na kama mtakavyosikia, limefika hadi katika safu zetu za sala.

Tuanze na kisa kilichotokea miongoni mwetu. Mwenyewe hatutamtaja, naye ametupa ruhusa tukisimulie ili wengine wanufaike. Mzee mmoja wetu, aliyeishi nchi hii zaidi ya miaka 20, alipigiwa simu na kampuni inayomwuzia gesi na umeme. Akaambiwa kwamba akikubali mkataba wa mwaka mmoja, bei yake haitabadilika, na kila mwezi atakatwa pauni 110 katika akaunti yake ya benki. Mzee alifurahi sana. Alilielewa jambo hilo kama alivyoielewa kodi ya nyumba: ukishalipa kiasi cha mwezi, umemaliza. Majira ya baridi yakaja, mjukuu akazaliwa nyumbani, radiata zikawashwa mchana na usiku. Alipoulizwa na mkewe kama gharama haitazidi, alijibu kwamba bei imekwisha kufungwa. Mwaka ulipokwisha ikaja barua: anadaiwa zaidi ya pauni 700.

Alilolifanya mzee wetu baada ya barua ile ndilo linalotuumiza. Hakumwambia mtu. Alizima joto la nyumba nzima, akawasha hita ndogo chumbani kwa mtoto tu. Mkewe, ambaye ana ugonjwa wa pumu, akaacha kuhudhuria darsa la akina mama. Sisi tulidhani amesafiri. Majuma sita yakapita, ndipo mmoja wa akina mama alipokwenda kubisha hodi, akawakuta wameketi sebuleni na makoti yao mwilini, na ukuta wa chumba cha kulala umeota ukungu mweusi.

Ndugu wapenzi, tumejiuliza: kosa lilikuwa wapi? Yako makosa mawili. La kwanza ni la kutokuelewa mkataba. La pili ni letu sote, nalo ni kwamba nafasi ya mtu ilikuwa tupu majuma sita wala hatukuuliza. Tuyaeleze yote mawili, moja baada ya jingine.

Jinsi bei zilivyopanda

Ni vyema kwanza tuelewe tumefikaje hapa. Tangu Januari 1, 2019, mdhibiti wa biashara ya nishati, aitwaye Ofgem, huweka kikomo cha bei kwa wateja wa majumbani katika Uingereza, Uskochi na Wales. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake. Kikomo hicho kilipoanza, nyumba yenye matumizi ya wastani ilihesabiwa kulipa pauni 1,137 kwa mwaka. Mwezi Oktoba 2021 hesabu hiyo ilikuwa pauni 1,277. Aprili 2022 ikaruka hadi pauni 1,971, na Oktoba 2022 ingefika pauni 3,549 kama serikali isingeingilia kati na kuzuia bei ili nyumba ya wastani ilipe pauni 2,500 hivi kwa mwaka.

Sababu hazikuwa ngeni. Baada ya shughuli za dunia kufunguliwa kufuatia maradhi ya korona, mahitaji ya gesi yaliongezeka kwa ghafla. Kisha mwezi Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na gesi iliyokuwa ikitoka Urusi kwenda Ulaya ikapungua sana. Nyumba nyingi za nchi hii hupashwa joto kwa gesi, na hata umeme wake mara nyingi hufuata bei ya gesi, kwa kuwa sehemu yake huzalishwa kwa gesi hiyo hiyo. Hivyo vita iliyopiganwa mbali ikaingia jikoni kwetu kupitia bomba.

Baadaye bei zilishuka, lakini hazikurudi zilikotoka. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2025, nyumba ya wastani ilihesabiwa kulipa pauni 1,755 kwa mwaka. Anayengoja siku zile za kale zirudi ndipo aanze kupanga matumizi yake, huenda akangoja sana.

Kikomo cha bei hakizuii bili

Wengi wetu tunaposikia neno kikomo tunadhani kwamba serikali imesema hakuna atakayelipa zaidi ya kiasi kile. Sivyo. Ofgem haijaweka kikomo cha bili. Imeweka kikomo cha vitu viwili tu: bei ya uniti moja, na ada ya kila siku ambayo hulipwa hata kama hukuwasha taa. Ile hesabu ya pauni 1,755 ni mfano wa nyumba itumiayo uniti 2,700 za umeme na uniti 11,500 za gesi kwa mwaka. Ukitumia zaidi utalipa zaidi, na ukitumia pungufu utalipa pungufu.

Tutoe mfano wa miezi hiyo hiyo mitatu ya mwisho ya mwaka 2025. Kwa wastani, uniti moja ya umeme ilikuwa peni 26.35, na uniti moja ya gesi peni 6.29. Ada ya kila siku ilikuwa peni 53.68 kwa umeme na peni 34.03 kwa gesi. Jumlisha ada hizo mbili kwa siku 30, utapata pauni 26 na peni 31. Kiasi hicho mtu hulipa hata akifunga nyumba na kwenda Umra mwezi mzima.

Kutokana na tarakimu hizi utaona jambo jingine: uniti ya umeme ilikuwa ghali zaidi ya mara nne kuliko uniti ya gesi. Zile hita ndogo za umeme ambazo wengi wetu huzinunua sokoni kwa bei rahisi tukidhani tunabana matumizi, mara nyingi hutumia uniti mbili kwa saa moja. Ukiiwasha saa tano kwa siku, umetumia uniti 10, yaani pauni 2 na peni 63. Kwa siku 30 ni pauni 79. Joto hilo hilo likitoka katika gesi, hata ukihesabu linalopotea ndani ya boila, halifiki theluthi moja ya gharama hiyo. Mzee wetu alizima gesi akawasha hita ya umeme ili aepuke deni, kumbe kila saa alikuwa akinunua joto kwa bei kubwa zaidi. Hatusemi kwamba hita haina faida kabisa. Anayepasha chumba kimoja kidogo kwa muda mfupi huenda ikamfaa. Lakini apige hesabu kwanza.

Bei isiyobadilika: ni nini hasa kinachofungwa?

Sasa tuje katika mikataba ya bei isiyobadilika. Anayetumia bei ya kawaida huwa chini ya kikomo cha Ofgem, na kikomo hicho hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini kampuni zinaweza pia kumpa mteja mkataba wa mwaka mmoja au miwili ambamo bei haipandi wala haishuki. Je, mkataba huo ni mzuri au mbaya? Jawabu ni kwamba unategemea mambo manne.

Kwanza, ni lazima kuelewa kwamba kinachofungwa ni bei ya uniti na ada ya kila siku. Bili haifungwi. Kile kiasi kinachokatwa benki kila mwezi si bei; ni makadirio tu ya kampuni, ili malipo ya mwaka yagawanywe sawasawa na mteja asielemewe wakati wa baridi. Mtu aliyepunguziwa bei kwa asilimia 5, kisha akaongeza matumizi kwa asilimia 10, bili yake imepanda. Hili ndilo lililompata mzee wetu. Kadhalika mambo yaweza kuwa kinyume: kama umekatwa zaidi ya ulichotumia, fedha zile ni zako, na una haki ya kudai urudishiwe. Lakini angalia wakati, kwani akiba iliyokusanyika wakati wa joto mara nyingi ndiyo italipa baridi ijayo.

Pili, linganisha kwa matumizi yako, usilinganishe kwa matumizi ya nyumba ya mfano. Tafuta katika bili yako idadi ya uniti ulizotumia kwa mwaka. Zidisha kwa bei unayopewa, ongeza ada ya kila siku mara 365, kisha fanya hesabu hiyo hiyo kwa bei unayolipa sasa. Mjane anayeishi peke yake na kutumia kidogo huumizwa zaidi na ada kubwa ya kila siku, na familia ya watu wanane huumizwa zaidi na bei ya uniti. Mkataba unaomfaa jirani yako huenda usikufae wewe.

Tatu, uliza ada ya kuvunja mkataba. Bei ikishuka nawe ukataka kuhama, mikataba mingi hutoza ada hiyo kwa gesi na tena kwa umeme. Hata hivyo, katika siku 49 za mwisho wa mkataba kampuni hairuhusiwi kukutoza ada ya kuhama. Weka tarehe hiyo katika kalenda yako kama unavyoweka tarehe ya Idi, kwa sababu mkataba ukiisha nawe umelala, utaingizwa katika bei ya kawaida bila kuulizwa. Aidha, mteja wa nyumbani aliyeingia mkataba kwa simu au mlangoni anazo siku 14 za kubadili nia.

Nne, jiulize unanunua nini. Anayefunga bei ananunua utulivu wa moyo. Hanunui uhakika wa faida. Waliofunga bei kabla ya mpando wa Oktoba 2021 walipata nafuu kubwa. Lakini wapo waliofunga kwa bei ndogo mno katika kampuni changa, na kampuni karibu 30 zikaanguka tangu mwaka 2021. Wateja wao hawakukatiwa gesi wala umeme, na akiba zao zililindwa, ila ile bei iliyofungwa ilikufa pamoja na kampuni. Kadhalika wapo waliofunga kwa hofu bei zilipokuwa juu kabisa, kisha zikashuka wao wakiwa wamefungwa. Kesho haijulikani ila kwa Mwenyezi Mungu. Basi mwenye kipato kidogo kisichobadilika, ambaye mpando wa ghafla utamfanya akose chakula, huenda utulivu huo ukamfaa hata kama mwishowe atalipa zaidi kidogo. Mwenye nafasi anaweza kungoja. Lakini asifunge mtu kwa sababu tu amepigiwa simu na kuambiwa kwamba leo ndiyo siku ya mwisho.

Mkataba ni ahadi

Ndugu wapenzi, dini yetu imetuamrisha kutimiza mikataba. Wengi wetu tunalijua fundisho hilo upande mmoja tu, yaani kutimiza baada ya kutia sahihi. Lakini utatimizaje usichokijua? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu inahusu kuandikiana deni, kuwe na mwandishi na mashahidi. Hivyo kusoma masharti kabla ya kukubali si ukaidi wala si kumdhania mtu vibaya. Ni sehemu ya uaminifu wenyewe. Asiyejua Kiingereza vizuri asione haya kusema: nileteeni kwa maandishi, mwanangu atanisomea.

Na hapa ni lazima nasi tukiri la kwetu, kwani si haki kuwanasihi wengine huku tukificha kasoro yetu. Miaka michache iliyopita alitujia dalali wa mikataba ya nishati, mtu mwenye maneno matamu. Akatuletea mkataba wa umeme na gesi wa msikiti wa miaka mitatu. Tulikuwa na haraka, Ramadhani ilikuwa mlangoni, tukatia sahihi. Baadaye tuligundua mambo matatu. Kwanza, kile kikomo cha Ofgem ni kwa wateja wa majumbani tu, na msikiti huhesabiwa kama mteja wa biashara. Pili, zile siku 14 za kubadili nia hazikutuhusu. Tatu, kamisheni ya dalali ilikuwa imetiwa ndani ya bei ya kila uniti, nasi tuliilipa kila tulipowasha taa. Tena, kwa muda mrefu tulitozwa kodi ya mauzo ya asilimia 20, wakati jumuiya za hisani kwa shughuli zao zisizo za biashara zaweza kustahili asilimia 5 kwa kujaza fomu ya kuthibitisha. Fedha zilizopotea zilikuwa sadaka zenu. Tunawaomba radhi, na tangu siku hiyo tumeweka sharti kwamba mkataba wowote wa msikiti utasomwa na watu watatu kwa siku tatu kabla ya kutiwa sahihi.

Israfu, na kinyume cha israfu

Tumekatazwa israfu, nalo ni fundisho tunalolisikia mara nyingi. Sote tunajua tulivyofundishwa kutomwaga maji ovyo hata katika udhu. Lakini tazameni hapa kwetu: bomba la maji ya moto hufunguliwa, kisha mtu huvua soksi, hukunja mikono, huzungumza na mwenzake, na maji yaliyopashwa kwa gesi hutiririka bure. Tumeweka birika katika chumba cha udhu, tuzitumie. Miaka hii Ramadhani imerudi katika majira ya baridi, na jiko la nyumbani huwaka alasiri na tena usiku wa manane kwa ajili ya daku. Pika daku pamoja na futari, halafu pasha tu. Funika sufuria. Ziba upenyo wa upepo chini ya mlango. Fungua mapazia jua linapotoka na uyafunge linapozama. Usianike nguo juu ya radiata, kwani huzuia joto na kujaza chumba unyevu. Kipimo cha joto kikishushwa nyuzi moja tu, bili huonekana tofauti.

Lakini, ndugu zetu, kuna jambo lililo kinyume cha israfu, nalo pia ni kosa. Ni kuinyima nafsi haki yake. Mwili una haki, na mtoto ana haki juu ya mzazi wake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kwamba joto la ndani lisipungue nyuzi 18 wakati wa baridi, na wazee, watoto wachanga na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Nyumba baridi huzaa unyevu, unyevu huzaa ukungu, na ukungu hudhuru mapafu. Wengi wetu tunakumbuka msiba wa Rochdale wa Desemba 2020, alipofariki mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, kutokana na ukungu katika nyumba waliyopangishwa wazazi wake, waliotoka Sudan. Kutokana na msiba huo ilitungwa sheria inayoitwa kwa jina lake. Tangu Oktoba 27, 2025 wenye nyumba za kijamii katika Uingereza wanalazimika kushughulikia hatari za dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza unyevu na ukungu mkubwa ndani ya siku 10 za kazi. Basi mwenye ukungu nyumbani asiukubali kama majaliwa. Aandike barua, aweke nakala na picha.

Tena tuna onyo moja ambalo hatutaki lipuuzwe. Tumesikia kwamba baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa ndani ya nyumba ili kujipasha joto, kama tulivyofanya makwetu ambako madirisha yako wazi na upepo unapita. Nyumba za huku zimefungwa pande zote. Mkaa ukiwaka humo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima yaweza kulala isiamke. Wallahi, afadhali deni la pauni 1,000 kuliko jiko moja la mkaa chumbani.

Deni si aibu, aibu ni kuachana

Tunarudi kwa mzee wetu. Alipofikiwa na akina mama, mambo aliyoyaona kama mlima yalichukua siku mbili kuyapanga. Tuliketi naye, tukasoma mita, tukaipigia kampuni simu. Kwa kanuni za mdhibiti, kampuni inapaswa kumsikiliza mteja mwenye shida na kukubaliana naye malipo kwa kadiri ya uwezo wake. Deni likagawanywa, akawa analipa pauni 20 kwa mwezi. Hakuhitaji kukopa kwa riba, kama alivyokuwa karibu kufanya. Ikaonekana pia kwamba yeye na mkewe walistahili misaada ambayo hawakuwahi kuiomba.

Tuitaje kwa ufupi. Kuna punguzo la pauni 150 katika bili ya majira ya baridi, liitwalo Warm Home Discount, ambalo kuanzia baridi ya mwaka 2025 lilipanuliwa kwa nyumba nyingi zaidi zinazopokea posho za wenye kipato kidogo. Kuna malipo ya joto kwa wastaafu, pauni 200 au 300 kwa nyumba, ambayo mwaka 2025 yalirudishwa kwa wazee wote wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Kuna Pension Credit, ambayo wazee wetu wengi huiacha kwa kuona haya au kwa kutojua, nayo hufungua milango ya misaada mingine. Kuna daftari la wateja wa kuangaliwa kwanza, ambamo wazee, wagonjwa na wenye watoto wadogo huandikishwa bure. Aidha, kama kampuni haikukutoza kwa usahihi bila kosa lako, hairuhusiwi kukudai matumizi ya zaidi ya miezi 12 iliyopita. Ukilalamika na majuma 8 yakapita bila ya ufumbuzi, peleka shauri kwa Energy Ombudsman, bila malipo. Na ofisi za Citizens Advice hutoa ushauri bure.

Wale wenye mita za kulipa kabla, mfano wa LUKU na tokeni tulizozizoea nyumbani, wakumbuke kwamba kwao hatari ni ya kimya zaidi. Deni halionekani. Salio likiisha, nyumba huzimika na hakuna anayejua. Mwenye mita ya namna hiyo akiishiwa kabisa, aipigie kampuni yake aombe salio la dharura, wala asilale gizani.

Ndugu wapenzi, hakuna kikomo cha bei wala mkataba utakaofanya kazi ya kumbishia hodi mtu aliyejifungia ndani kwa haya. Kazi hiyo tumepewa sisi. Haki za jirani tumezisoma tangu utotoni chuoni. Basi jirani wa kwanza ni yule anayesimama nawe bega kwa bega katika safu. Akikosekana Ijumaa mbili, muulize.

Tunachokusudia kufanya

Halmashauri imeazimia mambo matatu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Isha, vijana wetu wanaojua hesabu na lugha watakaa katika chumba cha maktaba, na yeyote aje na bili yake, mkataba wake au barua yake ya deni. Yatakayosemwa humo ni amana, hayatatoka nje. Pili, akina mama wameandaa orodha ya wazee waishio peke yao, nao watapigiwa simu kila juma wakati wa baridi. Tatu, ukumbi wa msikiti utabaki wazi na wenye joto baina ya Adhuhuri na Alasiri katika miezi ya baridi. Yeyote aje kukaa, asome, anywe chai, wala hataulizwa sababu. Gharama ya kupasha ukumbi mmoja tutaibeba pamoja, kwani ni ndogo kuliko gharama ya kupasha nyumba ishirini.

Nanyi tunawaomba jambo moja kabla hamjalala usiku huu. Kila mmoja akifika nyumbani aisome mita yake, aandike tarakimu na tarehe katika karatasi, na afanye hivyo kila mwanzo wa mwezi. Hata mwenye mita ya kisasa inayojituma yenyewe aisome, kwani nazo hukatika mawasiliano na kampuni ikaanza kukisia. Mzee wetu sasa anayo daftari yake, ameitundika jikoni karibu na kalenda ya sala. Na mkewe, alhamdulillahi, amerudi darsani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotumia bila israfu na bila ubahili, atuwezeshe kulipa madeni yetu, awape afya wagonjwa wetu, na asituache tukalala katika joto huku mwenzetu anatetemeka bila sisi kujua. Amin.